Pongezi kwa Jamii ya Django

Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa ulifanyika Zanzibar, na waandaaji wake wanastahili shukrani zetu. Django, zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python, ilizaliwa kwenye gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa bure kwa wote mwaka 2005. Mihadhara ya mkutano huo ilikuwa mizuri. Lakini uhondo hasa wa mikutano hii ni siku za kazi zinazofuata: mkongwe na mwanafunzi huketi meza moja, wakasaka kasoro katika msimbo ule ule. Rekebisho la mwanafunzi likikubaliwa, linatumika dunia nzima. Darasa gani linampa hayo? Vijana wa programu, mkutano kama huu ukija karibu nendeni, na msiondoke kabla ya siku za kazi.