Koili Inayogoma Saa Saba Mchana

Pikipiki iliyokufa moja kwa moja haimsumbui fundi. Atafuata umeme, atafuata mafuta, atafuata mgandamizo, na mahali fulani kati ya vitu hivyo vitatu atakuta palipokatika. Inayowatoa jasho mafundi wa Mvumi, huku Ugogo, ni ile inayogoma porini kisha ikafika gereji ikiwa nzima.

Ninayoichambua hapa ni ya aina hiyo. Ni pikipiki ya bodaboda, cc 125, injini ya muundo ambao Honda waliutoa miaka ya 1970 kwa jina la CG125 na ambao viwanda vya China vinauiga mpaka leo. Alfajiri ilikuwa inawaka kwa kiki ya kwanza. Mchana, baada ya kukokota abiria na magunia kwenye michanga ya makorongo kwa gia namba moja, mambo yalibadilika. Ukiizima na kuiwasha papo hapo, inakubali. Ukiizima, ukamshusha abiria pale Hospitali ya Mvumi, mkahesabiana chenji na kuzungumza kidogo, haikubali tena. Stata inazungusha injini vizuri, lakini moto haushiki. Ukiiacha kivulini nusu saa, inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kabla ya kumfikia fundi aliyegundua ubovu wake, ilikuwa imebadilishwa plagi, kisha betri, kisha sidiai (CDI), kile kifaa kinachopiga cheche. Mwenye pikipiki alisema kila kifaa kilisaidia kwa muda. Hakuwa anadanganya, na sidhani mafundi waliotangulia walikuwa matapeli. Ila tazama kilichokuwa kinatokea: pikipiki inagoma, inasukumwa hadi gereji, fundi anatafuta spana, kijana anatumwa dukani kuleta spea, kifaa kinafungwa, kiki inapigwa, injini inawaka. Wote wanafurahi. Lakini wakati huo wote injini ilikuwa inapoa. Ingewaka hata kama wangefunga kifaa kibovu kuliko kile cha zamani. Muda ndio uliotengeneza, sifa ikapewa spea, na bili akapewa mwenye chombo.

Betri ndiyo iliyonisikitisha zaidi. Kwenye pikipiki za mfumo huu, sidiai hailishwi na betri. Ina koili yake kwenye magneti inayoipa umeme injini ikizunguka. Ndiyo maana unaweza kutoa betri kabisa ukapiga kiki na ikawaka. Tena, stata ikizunguka kwa nguvu, betri imeshajitetea yenyewe. Zipo pikipiki ambazo sidiai inategemea betri, na huko hoja ingekuwa nyingine, lakini hii haikuwa mojawapo.

Fundi huyu alianza kwa kukataa kufungua chochote. Chombo kilikuwa kimepoa na kinawaka, angepima nini? Akauliza maswali. Inazimika ikiwa kwenye mwendo, au hadi uizime mwenyewe? Inakataa mara tu ukiizima, au baada ya kitambo? Jibu la swali la pili lilibeba uzito wote. Injini inayopozwa kwa hewa hupoa kwa upepo wa mwendo. Ukisimama, upepo unakatika, na joto lililoko kwenye silinda na kwenye oili linasambaa kwenda sehemu zilizokuwa zikipata nafuu. Kwa hiyo dakika chache baada ya kuzima, baadhi ya vifaa vya pembeni huwa na joto kuliko vilivyokuwa njiani. Kifaa kinachogoma muda huo hasa kinajitaja, karibu kwa jina.

Akamwambia kijana mwenye pikipiki arudi kwenye mchanga, abebe mzigo wake wa kawaida, na asiizime mpaka afike mlangoni pa gereji. Ilipofika, ikazimwa, ikaachwa kidogo. Kijana akapiga stata, injini ikazunguka bila kuwaka.

“Mzee, imegoma.”

“Vizuri. Usiisukume popote.”

Kuanzia hapo saa ilikuwa inamkimbiza, kwa sababu nusu saa ikipita ushahidi unapotea. Alianza na vipimo visivyohitaji kufungua kitu. Alifungua mfuniko wa tangi akisikiliza kama hewa itavutwa ndani. Katika nchi ya vumbi kama Ugogo, kitundu cha hewa cha mfuniko huziba, tangi likashindwa kuvuta hewa na petroli ikagoma kushuka, na dalili zake hufanana sana na hizi. Hakusikia kitu. Alilegeza skrubu ya chini ya kabureta. Petroli ikatoka bila kusita. Akasukuma kiki kwa mkono: nzito, yaani valvu zinafunga. Valvu iliyobanwa mno, injini ikipata moto, haikai vizuri kwenye kiti chake, na kiki ingekuwa nyepesi.

Kisha akachomeka plagi ya akiba kwenye kofia ya waya, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki. Hakukuwa na cheche. Sasa mafuta na mgandamizo vimetoka kwenye orodha, umebaki umeme. Akachomoa waya wa swichi ya kuzimia, maana swichi iliyoshika vumbi au waya uliochubuka chini ya tangi huweza kupeleka umeme kwenye bodi na kuua cheche. Bado hakuna.

Ndipo akachukua mita, ile ya njano ya bei rahisi inayouzwa kila duka la umeme. Koili inayolisha sidiai ilisoma kawaida. Koili ndogo ya ishara, ile inayoiambia sidiai ni lini ipige cheche na ambayo mafundi huiita pikapu, ilionyesha tarakimu 1 upande wa kushoto. Kwa mita hizo maana yake ni kwamba njia imekatika. Akaweka kitambaa chenye maji juu ya kifuniko cha magneti na kusubiri. Tarakimu zikarukaruka, kisha zikatulia karibu na ohm 150. Kiki moja, ikawaka.

Wengi wangeishia hapo. Mimi nisingeridhika, na yeye hakuridhika, kwa sababu kitambaa kile kilipoza pia waya na kiunganishi kilichopita pembeni. Alifungua kifuniko, akaitoa koili, akaenda nayo saluni ya jirani kuazima mashine ya kukaushia nywele. Hapa fizikia inasaidia: ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili nzima ya ohm 150 ikipashwa nyuzi 50 zaidi inapaswa kupanda taratibu hadi karibu 180. Hii ilianza kupanda, ikafika kwenye 160 na kitu, ikaruka hadi 1. Uzi wake mwembamba ulikuwa umekatika mahali fulani ndani ya utomvu mgumu ulioufunika. Ikiwa baridi ncha zinagusana, ikipata joto zinaachana.

Nina lawama moja kwake. Hakupima koili zote zikiwa baridi kabla ya kumtuma kijana mchangani. Kipimo hicho kisingeonyesha ubovu, lakini kingempa tarakimu ya kulinganisha wakati muda ulikuwa unamtupa mkono.

Namna hii ya kutafuta haifai kila msimu. Malalamiko yaleyale mwezi wa Februari, barabara ikiwa tope, yangenipeleka kwenye maji ndani ya kofia ya plagi na kwenye viunganishi, na hapo mtego ungekuwa ndoo ya maji badala ya mzigo na mchanga.

Dukani walikuwa na sahani nzima ya koili tu, si ile ndogo peke yake. Fundi akachomoa moja kwenye injini iliyokufa iliyolala nyuma ya gereji, akaipasha kwa mashine ileile kabla ya kuifunga, akaona inapanda bila kuruka. Kuhusu sidiai ya zamani, iliyokuwa nzima muda wote, alimwambia kijana aende kuidai kwa aliyeibadilisha na aiweke kama akiba.