Asilimia 84 ya nani?

Hebu subiri kidogo kabla hujainukuu ile asilimia 84. Kwenye utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa 2015, watoto 168 wenye malaria ya ubongo walipigwa picha za MRI. Walikufa 25, na 21 kati yao (ndiyo hiyo 84) ubongo ulikuwa umevimba sana tangu walipolazwa. Haya, geuza hesabu: hata kati ya walionusurika, 39 walikuwa wamevimba vivyo hivyo. Yaani watoto 60 wenye ubongo uliovimba sana, wengi wao walipona, na picha za baadaye zikaonyesha ubongo ukinywea. Kazi nzuri mno, tena ngumu. Ila picha haituambii kwa nini ubongo wa huyu ulinywea na yule hakuamka tena.