Mrija Ukikauka Ghafla, Usishangilie

Mshono wa ukuta wa moyo ulikuwa safi na protamini ilitolewa kwa wakati. Kazi yote hiyo nusura ipotee kwa sentensi moja. Sote tuliona kwenye video moja ya mafunzo: mtoto wa kilo 4, saa ya tatu tangu atoke chumba cha upasuaji, mrija wa kifuani ukitoa mililita 15 kwa saa. Saa iliyofuata, mililita 1. Kiongozi wa zamu akaangalia chupa, akaandika "damu imekoma", akaenda kitanda cha pili.

Haikukoma. Damu inayokoma hupungua kidogo kidogo na rangi yake hupauka. Ikikatika ghafla namna ile, shuku bonge kabla ya kushukuru. Rudisheni picha nyuma mtazame karibu na ngozi ya mtoto: kipande cheusi kimejaa mrija mzima, hakisogei. Wakati huohuo monita ilikuwa ikisema kila kitu. Presha ya vena kuu ilitoka 8 ikafika 14, mapigo yakapanda, presha ya juu na ya chini zikakaribiana, mkojo ukapungua. Mtoto wa kilo 4 ana damu ya mililita 320 hivi, kama chupa moja ya soda. Kiasi kidogo tu kikikwama nyuma ya moyo kinatosha kuubana. Hapo anaitwa daktari wa upasuaji mara moja na eko inafanywa, tena eko ikionekana safi isikupumbaze, kwa maana bonge la nyuma hujificha.

Walipogutuka, wakaanza kuukamua mrija kwa vidole, ugonjwa ninaoupigia kelele kila mwaka. Watafiti Duncan na Erickson walipima jambo hili 1982: kukamua huvuta hadi sentimita 400 za maji, ilhali mashine ya kufyonza tunaiweka kwenye 20. Mwongozo wa ERAS wa 2019, wa kuharakisha kupona baada ya upasuaji wa moyo, uliikataa desturi hiyo kwa watu wazima. Tishu za mtoto mchanga ni laini zaidi, sasa tunasubiri nini?

Na kile kitanzi cha mrija! Mrija ulining'inia chini ya godoro, damu ikatuama pale ikaganda. Daktari Gotthard Bülau, huko Hamburg mwaka 1875, hakuwa na monita wala mashine. Alikuwa na chupa yenye maji, mrija na mteremko, na usaha wa kifuani ulishuka. Leo kuna hata mirija yenye waya ndani, unaosogezwa kwa sumaku kutoka nje ili kuondoa bonge bila kufungua mfumo. Sisi tumeshindwa kuunyoosha mrija.

Kifua kilifunguliwa palepale kitandani, bonge likatolewa, presha ya vena kuu ikarudi 8. Msimulizi wa video akaita tukio hilo uokoaji wa haraka. Tangu iandikwe "damu imekoma" zilikuwa zimepita dakika 50.