Tanga Juu ya Nile: Esna Hadi Aswan kwa Dahabiya

Niseme haraka kabla msisimko haujapoa: kama utajaliwa safari moja tu ya mtoni maishani, iwe hii! Kusini mwa Misri, kutoka Esna hadi Aswan, ndani ya dahabiya, mashua ndefu yenye milingoti miwili na vyumba vichache tu vya wageni. Nilipanda kwa mara ya kwanza nikitarajia mahekalu. Nimeshuka nikiusifu mto.

Tuanze na tanga. Mtu wa pwani atalitambua papo hapo: la pembe tatu, limening'inia kwenye foromali ndefu iliyoinama, ndugu kabisa wa tanga la jahazi la Lamu. Dahabiya haina injini. Upepo ukilala, boti ndogo huivuta. Lakini upepo haulali mara nyingi, na hapo ndipo penye ajabu. Maji ya Nile yanakwenda kaskazini, upepo unavuma kuelekea kusini. Ukitaka kupanda mto, tweka tanga. Ukitaka kuteremka, lishushe na uachie mkondo ukubebe. Nchi nzima ilipewa barabara ya kwenda na kurudi bila gharama! Tanga lilipojaa na chombo kikaanza kuyakata maji kimyakimya, nilielewa jinsi mafarao walivyoweza kutawala nchi ndefu na nyembamba namna hii.

Edfu itakuacha mdomo wazi. Hekalu la Horus, mungu mwenye kichwa cha kipanga, lilianza kujengwa mwaka 237 kabla ya Kristo na likachukua miaka 180 kumalizika. Mchanga ulilifukia karne nyingi, na huo mchanga ndio uliolitunza: kuta zimesimama, paa lipo, unaingia chumba baada ya chumba hadi kwenye giza la patakatifu.

Lakini moyo wangu umebaki Gebel el-Silsila. Hapa majabali yanaubana mto kutoka pande zote mbili. Meli kubwa zinapita tu. Dahabiya inatia nanga, nawe unashuka na kutembea ndani ya machimbo ya kale. Alama za patasi bado zimo ukutani! Mawe ya mchanga ya hapa ndiyo yaliyojenga sehemu kubwa ya mahekalu ya Karnak, na yalifika huko kwa vyombo, juu ya maji haya haya. Kuanzia hapo kila nguzo niliyoiona niliitazama kama shehena iliyoshushwa.

Kom Ombo iko ukingoni kabisa: hekalu pacha, nusu la Horus, nusu la Sobek mungu mamba, na jirani yake jumba la makumbusho lenye mamba waliokaushwa. Usikose kisima cha kupimia mafuriko. Kina cha maji ndicho kilichoashiria mavuno yatakuwaje, na kodi nayo. Aswan inakungoja na mnara wa itale wa mita 42 hivi, ulioachwa machimboni baada ya kupata ufa, na Philae, mahekalu yaliyobomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kwenye kisiwa cha Agilkia ili yasimezwe na maji ya mabwawa. Yalifunguliwa tena mwaka 1980, na hata leo huyafikii ila kwa boti.

Meli kubwa zina bwawa la kuogelea na nafasi nyingi, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Lakini gatini hufungwa ubavu kwa ubavu, na dirisha lako laweza kutazamana na la jirani. Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kiangazi joto la Aswan hupita nyuzi 40. Kunywa karkade baridi, ile chai ya rosela, kaa sitahani mchana kutwa, wala usione unapoteza muda. Misri ilijengwa kwa tanga na mkondo, na hakuna kiti kizuri zaidi cha kuiona kuliko hiki. Weka akiba, uende!