Sanduku la Sebuleni

Katika miaka niliyokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilipitia maandalio ya masomo mengi mno, na kazi yangu ilikuwa kuyakosoa. Mwalimu mwanafunzi akiniletea zana ya kufundishia iliyopakwa rangi za kupendeza, swali langu la kwanza lilikuwa lile lile siku zote: mtoto atafanya nini nayo? Wengi walikosa jibu, kwa kuwa walichotengeneza kilikuwa pambo. Nalikumbuka jambo hili kwa sababu mimi mwenyewe, nikiwa na umri wa miaka sabini na ushei, nilikwenda dukani na fedha zangu za kiinua mgongo nikanunua pambo.

Pambo lenyewe lilikuwa kompyuta ndogo ya kuchezea gemu, ya kuwekwa sebuleni chini ya televisheni. Wapo waliotutaka tuiite ngamizi, na wapo waliosema tarakilishi; watu wamekwisha kata shauri, nami nafuata watu. Msomaji huenda akajiuliza mzee wa makamo yangu alikuwa anatafuta nini huko. Nilikuwa namtafuta mjukuu wangu. Mama yake anafanya kazi mbali, na kijana anaishi nasi hapa Tanga. Alipofika kidato cha pili akaanza kupotelea kwenye kibanda cha gemu, huko ambako vijana hulipa kwa mchezo mmoja mmoja na kupigiana kelele hadi usiku. Sina ugomvi na mpira wa kwenye kioo. Ugomvi wangu ulikuwa na saa tatu za usiku, na sahani ya chakula iliyofunikwa mezani ikimngoja mtu. Nikawaza: kama mchezo ndio unaomtoa nyumbani, mchezo na uje nyumbani.

Basi nikachagua. Nasema nikachagua, maana sikumuuliza kijana hata neno moja, nilitaka kumshangaza. Muuzaji alinionyesha kisanduku cheusi chenye ukubwa wa Biblia ya mfukoni, kinang'aa, hakina sauti, na taa ya buluu mbele. Akasema kinacheza kila kitu. Nilikipenda kwa jinsi kilivyokaa kiganjani. Kilipofika nyumbani mjukuu akakigeuza, akasoma maandishi yaliyo chini, akasema, "Ahsante sana, babu." Nimefundisha miaka mingi ya kutosha kuijua "ahsante" ya mtoto aliyepewa kitu asichoweza kukitumia.

Chipu yake ilikuwa ya wati 6, ya kufaa kuandikia barua na kutazama filamu. Kumbukumbu yake ilikuwa imeunganishwa kwa risasi moja kwa moja kwenye bodi, kwa hiyo haiongezeki. Diski ilikuwa ya gigabaiti 128, na mpira wa siku hizi, ule ulioitwa FIFA hadi mwaka 2023 ulipobadilishwa jina kuwa EA Sports FC, huomba peke yake nafasi ipatayo gigabaiti 100. Wachezaji walitembea uwanjani kama waliokanyaga ulimbo. Kijana alivumilia majuma mawili kwa adabu. Halafu sahani ikaanza tena kufunikwa.

Nimeandika haya yote ili niseme wazi kosa langu kama mkosoaji. Nilikihakiki kile kisanduku kwa umbo lake. Swali lililonipasa lilikuwa hili: kinafunguka? Na kikifunguka, ndani yake kuna nini ninachoweza kukitoa na kuweka kingine? Udogo ni sifa, sikatai, hasa kwenye sebule zetu zenye kabati, makochi manne na meza ya kahawa. Lakini udogo hununuliwa, na bei yake hailipwi dukani tu. Hulipwa kwa joto, kwa kelele, na kwa mlango uliofungwa.

Nianze na joto, maana hapo ndipo watengenezaji wanapotusahau. Feni haizalishi ubaridi. Huchukua joto la chipu na kulikabidhi kwa hewa iliyopo chumbani. Kama kipozeo kinaiacha chipu nyuzi 55 juu ya hewa ya chumba, basi kwenye sebule ya Ulaya yenye nyuzi 20 chipu itasimama kwenye 75. Kwenye sebule yangu, mwezi wa Februari, nyuzi 32 ni jambo la kawaida, na chipu ile ile itafika 87. Chipu nyingi za leo hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 ili zisiungue. Maana yake, mashine iliyosifiwa kwa haki kabisa mahali pengine inaweza kuchechemea hapa bila ya kuwa mbovu. Tena sanduku likiwa dogo feni nayo huwa ndogo, na feni ndogo haina budi kuzunguka kwa kasi zaidi ili isukume hewa ile ile; ndiyo sababu ya ule mlio wa mbu unaosikika katikati ya taarifa ya habari.

Ongeza kitambaa. Msomaji aliyelelewa kwenye nyumba ya Kiswahili anajua ninalolisema. Hakuna kitu kitakachowekwa sebuleni kwa bibi kikakosa kitambaa cha kufuma juu yake: redio, televisheni, jagi la maji. Kisanduku changu kilivikwa siku ya pili tu, cheupe chenye maua ya waridi, na matundu yote ya hewa yakazibwa. Siwezi kumlaumu mke wangu. Anayebuni kitu cha kuwekwa sebuleni na asiwajue wenye sebule amebuni kitu cha mahali pengine. Nawashauri wanunuzi wachague sanduku linalovuta hewa mbele na kuitoa nyuma. Lenye matundu juu litavikwa tu.

Wazo la kuiingiza kompyuta ya gemu sebuleni si geni, na historia yake ina majeruhi. Kampuni ya Valve ya Marekani ilitangaza Steam Machine mwaka 2013, zikaingia sokoni Novemba 2015 zikiwa zimetengenezwa na makampuni mbalimbali, na soko halikuzikubali. Novemba 2025 Valve ikatangaza nyingine ya jina hilo hilo, mchemraba wa kama sentimita 16, ambao diski na kumbukumbu zake hubadilishika lakini chipu zake zimeunganishwa kwenye bodi. Intel nayo ilikuwa na NUC zake. Mwaka 2020 ilileta moja ya lita 5 hivi yenye ubongo wa kuchomoa kama daftari kwenye mkoba. Lilikuwa wazo zuri. Mwaka 2023 Intel ikaacha kutengeneza NUC na kazi ikapokelewa na ASUS. Ahadi ya "utaboresha baadaye" haizidi umri wa aliyeitoa.

Mara ya pili nilimwita mjukuu wangu mezani, nikampa karatasi na kalamu, nikamwambia, "Bwana mdogo, leo wewe ndiye mwalimu." Akanitazama kuona kama ninatania. Kisha akaanza kunifundisha, na nakiri kwamba nimewahi kukagua masomo ya vitendo yaliyo hafifu kuliko lile.

Alianza kwenye televisheni, mahali ambapo mimi nisingeanzia. Yetu ni ya inchi 43, na kochi liko mita 3 kutoka hapo. Hesabu tuliifanya pamoja. Upana wa kioo ni milimita 952 hivi. Ukigawa kwa nukta 1920, kila nukta ina nusu milimita. Jicho zima hutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya dakika moja, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, na nusu milimita hufanya pembe hiyo kwa umbali wa mita 1.7. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye kochi letu haoni hata nukta alizo nazo. Picha za 4K zina nukta mara nne ya hizo, na kadi ya picha hulazimika kuzichora zote. Tungelipia kazi ambayo hakuna jicho nyumbani humu lingeiona, na langu lina mtoto wa jicho. Hapo ndipo mahitaji yetu yalipopungua, na bei nayo ikapungua.

Hatukununua kitu kipya. Maofisi hutupa kompyuta zao kila baada ya miaka michache, na nyingi huja kuuzwa kwetu zikiwa nzima: OptiPlex za Dell, EliteDesk za HP, ThinkCentre za Lenovo. Zipo za aina ya mnara, zipo za saizi ya kati zinazolala kama kitabu cha mahudhurio, na zipo za lita moja hivi. Zile za lita moja ndizo zinazovutia macho, na nyingi hazina nafasi ya kadi ya picha. Tukachukua ya kati, yenye prosesa ya viini sita ya mwaka 2018. Ina sura ya posta. Mke wangu aliitazama akauliza kama tumerudi kazini.

Raha ilikuwa kwenye kadi. Mashine hizi hupokea kadi fupi tu, ya kimo cha kama sentimita 7 badala ya 11, na isiyohitaji waya wake wa umeme, maana tundu la bodi hutoa wati 75 na si zaidi. Hapo uchaguzi hubaki mwembamba. GTX 1650 ya mwaka 2019, katika umbo lake fupi, inatumia wati 75 kamili. RX 6400 ya mwaka 2022 inatumia 53 na ni nyembamba, lakini inazungumza na bodi kwa njia nne tu, na kwenye bodi za zamani hilo huipunguzia nguvu. Pawa saplai yetu ni ya wati 200: prosesa 65, kadi 75, na kinachobaki kinatosha feni na diski. Shaka ilikuwa unene, kwa kuwa 1650 nyingi huchukua nafasi ya kadi mbili, na si kila mashine ya saizi hii ina nafasi hiyo. Mjukuu akataka tuagize tu tuone. Nikamwambia subiri. Nikatafuta boksi la sabuni, mkasi na rula, tukakata kadi ya karatasi ngumu kwa vipimo vya ile halisi, tukaitumbukiza ndani. Tulifundishana chuoni miaka yote ile kutengeneza zana kwa maboksi, na sijapata kuona zana iliyofanya kazi yake vizuri namna ile. Iliingia, ikabakiza nafasi ya kidole.

Kumbukumbu tuliweka vipande viwili vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16, kwa kuwa viwili hupitisha data kwa njia mbili kwa pamoja. Diski mpya, stabilaiza kwa ajili ya umeme wetu unaopanda na kushuka, na padi mbili. Kwenye televisheni ipo hali ya gemu; iwasheni, maana bila hiyo mchezaji hupiga shuti baada ya kidole kuchoka kungoja. Jumla ilikuwa pungufu ya bei ya pambo langu na nusu yake.

Sasa hukumu, kwa kuwa kusifu tu si kuhakiki. Mashine hii inacheza, na inafunguka bila bisibisi. Lakini bodi yake na pawa saplai yake vina maumbo ya mtengenezaji mwenyewe; siku pawa saplai ikiungua nitatafuta ile ile, na siku kijana atakapotaka kadi ya wati 120 tutakuwa tumefika ukutani. Mlango upo, ila chumba cha nyuma hakuna. Mwenye fedha zaidi afuate vipimo vya wote: bodi ya Mini-ITX, mraba wa milimita 170 ulioanzishwa na VIA mwaka 2001, huingia katika maboksi ya watengenezaji wengi kwa sababu si ya mmoja. Atazame na soketi. Mwaka 2017 Intel ilitoa prosesa zenye pini idadi ile ile na soketi ya jina lile lile, na bodi za mwaka mmoja nyuma zikazikataa. AM4 ya AMD ilianza mwaka 2016, na prosesa mpya za soketi hiyo zilitolewa hata mwaka 2024; mtu aliweza kubadili ubongo akaacha mwili, mradi bodi yake iwe na programu inayoutambua. Huyo kwangu ni mtengenezaji anayejua kwamba mnunuzi ana kesho.

Sahani hazifunikwi tena, ingawa sasa huliwa sebuleni, jambo ambalo zamani nililikataza. Wenzake wawili huja Jumamosi. Wakiingia hunipa shikamoo kwa haraka ya watu wenye mechi. Na kijana ameanza kuniletea michoro ya boksi la Mini-ITX, lenye kadi kubwa. Bibi yake amekwisha pima nafasi iliyo chini ya televisheni kwa mkono wake: shubiri moja na nusu. Boksi analolitaka linapita hapo kwa vidole vitatu, na wote wawili wameniambia, kwa nyakati mbalimbali, kwamba ni mwenzake atakayesogea.