Ndoo isiyohamishika: jicho la mkosoaji kwenye ukurasa wa kuanzisha hifadhi Amazon S3

Ukiwa Bisibo, kule Biharamulo, ukitaja ndoo kila mtu anakuelewa. Inabebwa, inaazimwa kwa jirani, ikitoboka inapandwa mboga. Amazon S3, huduma ya kuhifadhi data kwenye wingu iliyoanza Machi 2006, nayo inaita chombo chake ndoo. Mimi nadhani jina hilo linampotosha anayeanza, maana ndoo hii ukishaiweka chini huiinui tena. Jina lake halibadiliki. Kanda iliyopo haibadiliki. Ukikosea, unatengeneza nyingine na kunakili kila kitu upya.

Sasa chukua mfano. Unafanya utafiti wa mnyauko wa migomba, una maelfu ya picha za mashambani, simu imejaa. Unafungua akaunti, unabonyeza kutengeneza ndoo. Mara nyingi kanda inayokusubiri pale juu ni Virginia, Marekani. Unatafuta ya Afrika, huioni. Ipo, jamani! Kanda ya Cape Town ilifunguliwa Aprili 2020, ila imezimwa hadi wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio ya akaunti uiwashe. Hapa ndipo ninapogombana na waliobuni ukurasa huu. Wana sababu: kanda zote zilizofunguliwa baada ya Machi 2019 huanza zikiwa zimezimwa, kwa usalama. Sawa. Lakini mgeni hajui kwamba kuna kitu cha kuwasha, na uamuzi asioujua ndio huohuo usiobadilika. (Cape Town ni ghali kidogo kuliko Virginia, hilo nalo ulijue. Na bili ni ya dola.)

Jina je? Herufi ndogo, tarakimu na vistari, kati ya 3 na 63, na lisiwe limeshachukuliwa na mtu mwingine popote duniani. Kwa hiyo "migomba" isahau. Wengi huona huu ni usumbufu tu, lakini mwaka 2024 mtaalamu mmoja wa programu alieleza jinsi ndoo yake tupu, iliyofungwa kabisa, ilivyomletea bili ya zaidi ya dola 1,300. Jina alilochagua lilifanana na jina la mfano ndani ya programu fulani maarufu, na kila aliyeisakinisha bila kubadilisha mipangilio alikuwa anabisha hodi kwake. Maombi karibu milioni 100, yote yalikataliwa, yote yalitozwa. Mei mwaka huohuo Amazon wakaacha kutoza maombi ya namna hiyo. Walisikia, nawapa hongera.

Hongera nyingine ni kwenye kufuli. Tangu Aprili 2023 ndoo mpya huzaliwa imefungwa kwa umma. Tatizo ni miongozo ya zamani iliyojaa mtandaoni, inayokwambia ondoa tiki zote ili picha "zifunguke". Usifanye hivyo! Picha iliyopigwa kwa simu mara nyingi hubeba GPS ndani yake. Mzee aliyekuruhusu kuingia shambani kwake hakukuruhusu kumwonyesha dunia nzima mlango wa nyumba yake. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ina masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Virginia ni nje. Cape Town pia ni nje. Ukurasa unakuuliza kuhusu lebo na usimbaji, lakini hauulizi kama ndani mna watu. Hilo jiulize mwenyewe kabla ya kupakia.

Folda nazo ni kiini macho. Kuna kitufe cha kutengeneza folda, lakini ndani hakuna folda, kuna majina marefu yenye mikwaju tu. Ndiyo maana kubadili jina la "folda" yenye picha 4,000 ni kunakili picha 4,000 na kufuta za zamani.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote kinamhusu mtu wa mtandao unaokatakata. Faili kubwa hupakiwa vipande vipande. Mtandao ukifa katikati, vipande vilivyofika vinabaki, havionekani kwenye orodha ya kawaida ya faili, na vinatozwa mwezi hadi mwezi. Dawa ipo: kanuni ya kufuta upakiaji ambao haukukamilika, tuseme baada ya siku 7. Inawekwa baadaye, kwenye ukurasa mwingine kabisa, na aliye na waya mzuri wala hataihitaji sana. Wewe unayepakia usiku kwa bando la simu, ukitegea mnara utulie, iweke siku hiyohiyo unayotengeneza ndoo, kabla ya picha ya kwanza.