Ulimi wa Saleh Omar

Wenzangu wanaona uchungu wa riwaya ya Abdulrazak Gurnah, By the Sea (2001), uko kwenye udi ambao ofisa wa uhamiaji anamnyang'anya Saleh Omar pale Gatwick. Mimi nauona kwenye ulimi. Mzee huyu anajua Kiingereza vizuri, ila ameshauriwa ajifanye hajui. Na pasipoti yake ina jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Nafasi ya Uingereza anaipata kwa kuacha sauti na jina lake mlangoni. Kimya hicho ndicho kinachofanya atafutwe mkalimani. Anayepatikana, Latif Mahmud, ni mwana wa Rajab huyo huyo! Wengine watasema ni sadfa iliyolazimishwa. Naikubali, kwa sababu Latif anamdai maelezo ambayo ofisa hakuwahi kuyauliza.